Kutafuta Chanzo cha Vipele vya Mtoto: Kubahatisha si Sayansi

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hutukia jambo hili. Mtoto wa miaka saba au minane hutokwa na vipele mikononi na tumboni, akajikuna usiku kucha. Bibi yake husema kwamba damu imechafuka, heri apewe dawa ya kuendesha tumbo. Jirani husema kwamba ni mayai. Shangazi, aliyewahi kuona mambo kama hayo kwa mtoto wa mwenzake, hushikilia kwamba ni dagaa. Muuzaji wa duka la dawa hasemi neno. Hutoa tyubu ya dawa ya kupaka, akataja bei. Baada ya siku kumi vipele hupoa, na kila mmoja hujisifu kwamba shauri lake ndilo lililoponya. Baada ya mwezi vipele hurudi, na mashauri huanza upya.

Mtu aweza kudhani kwamba taabu ya mtoto huyu ni ukosefu wa majibu. Sivyo. Majibu anayo mengi mno. Asiyempata ni mtu wa kuyapima. Makala haya yanashikilia kwamba kutafuta chanzo cha vipele vinavyorudi mara kwa mara ni kazi yenye kanuni, na kwamba kanuni hizo ni zile zile zinazofundishwa katika maabara ya shule ya sekondari. Ikiwa mwanafunzi anaweza kueleza vema jaribio la mmea uliofichwa gizani na mwenzake uliowekwa juani, lakini akirudi nyumbani anakubali kwamba mdogo wake anyimwe mayai kwa sababu jirani amesema hivyo, basi somo la sayansi limebaki daftarini.

Neno moja, maradhi mengi

Lugha yenyewe yaweza kumpoteza mtafutaji. Upele, kwa maana yake halisi, ni ugonjwa mmoja unaoletwa na mdudu mdogo wa jamii ya utitiri. Lakini katika mazungumzo ya kila siku karibu kila kitu kinachochomoza juu ya ngozi huitwa upele au vipele. Chini ya jina hilo moja imo harara ya wakati wa joto. Yamo mapunye na choa, ambayo huletwa na kuvu. Imo pumu ya ngozi. Vimo vivimbe vya kuumwa na mbu, viroboto au kunguni. Na umo ukurutu unaotokana na ngozi kuguswa na kitu isichopatana nacho. Kuuliza "dawa ya vipele ni ipi?" ni sawa na kumwuliza fundi dawa ya gari lililosimama njiani. Fundi mwema hatajibu kabla ya kufungua boneti.

Iko sababu nyingine ya kukosea. Vitabu vingi vya tiba vimechorwa na kupigwa picha kwa kutumia ngozi nyeupe, navyo husema kwamba ngozi iliyowaka huwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri; mahali palipowaka huwa peusi zaidi, au pa rangi ya zambarau, au pa kijivu kama majivu. Anayeutafuta wekundu asipouona atasema kwamba hapana kitu, hali mtoto anateseka.

Kosa la kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilicholeta

Vipele vinavyorudi vina tabia moja inayowadanganya hata watu wenye akili: huja na kwenda vyenyewe. Watu hawatafuti dawa siku vipele vilipo vichache. Huitafuta siku vimezidi kabisa. Lakini kitu kilichofika kileleni aghalabu huanza kushuka, dawa ipakwe isipakwe. Kwa hiyo dawa yo yote iliyotumika siku ile hupata sifa isiyostahili. Vivyo hivyo, chakula cho chote kilicholiwa usiku wa kuamkia vipele hupata lawama. Familia inayokula maharage mara nne kwa juma haitakosa kuona kwamba mtoto alikula maharage kabla ya kuugua. Haikumbuki siku nyingi ambazo alikula maharage yale yale akalala salama.

Kosa hili huongezwa na kutojua kwamba kila chanzo kina muda wake. Chakula kinachomdhuru mtoto kwa njia ya mzio wa haraka kwa kawaida huonyesha dalili katika dakika chache, au kabla ya saa mbili kupita. Kitu kinachoidhuru ngozi kwa kuigusa, kama vile madini ya nikeli katika bizimu ya mkanda, huonyesha alama zake baada ya siku moja hadi tatu. Mdudu anayeitwa nzi wa Nairobi, ambaye kwa hakika si nzi bali ni jamii ya mbawakawa, huongezeka sana baada ya mvua kubwa, kama ilivyoonekana nchini Kenya baada ya mvua za El Niño za miaka ya 1997 na 1998. Haumi wala hachomi; akisagwa juu ya ngozi hutoa sumu, na malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, mhusika akiwa amekwisha kumsahau. Na mtoto aliyeambukizwa upele kwa mara ya kwanza katika maisha yake aweza kukaa majuma manne hadi sita bila kuwashwa. Basi swali la "jana alikula nini?", ambalo ndilo la kwanza katika nyumba nyingi, mara nyingi huulizwa mahali pasipo pake.

Somo kutoka Livorno, Sheffield na Mississippi

Historia ya sayansi ina mifano ya kutosha ya jinsi vyanzo vya vipele vilivyopatikana. Mwaka 1687 daktari mmoja wa Italia, Giovanni Cosimo Bonomo, akisaidiana na mwuza dawa Diacinto Cestoni wa Livorno, aliandika barua kwa mwanasayansi Francesco Redi. Alieleza kwamba wanawake maskini walikuwa wakitumia ncha ya pini kutoa vidudu vidogo katika ngozi za watoto wao wenye upele. Bonomo alivitazama vidudu hivyo kwa hadubini, akavichora, akasema kwamba ndivyo vinavyoleta upele. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba upele hutokana na kuharibika kwa maji ya mwili, imani isiyo mbali na ile ya damu chafu. Hawakumsikiliza. Ilipita karibu miaka 150, hata mwaka 1834 mwanafunzi kutoka Corsica, Simon François Renucci, alipowaonyesha madaktari wa Paris namna ya kumtoa mdudu huyo. Ufundi huo alikuwa ameuona kwa wanawake wa kwao. Yafaa wanafunzi wa leo wakumbuke: kina mama waliotazama kwa makini waliona ukweli kabla ya mabingwa ambao hawakutazama.

Hata baada ya mdudu kujulikana, njia yake ya kuenea ilibaki kuwa dhana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilisadikika kwamba upele huenezwa kwa mablanketi na nguo, na jitihada kubwa ilitumika kuyachemsha mablanketi ya askari. Mwaka 1941, huko Sheffield nchini Uingereza, Kenneth Mellanby aliwatumia watu wa kujitolea, waliokuwa wamekataa kupigana kwa sababu ya dhamiri zao. Walilala katika mablanketi yaliyotumiwa na wagonjwa, wakavaa nguo za ndani ambazo wagonjwa walikuwa wamezivua bila kufuliwa. Walioambukizwa walikuwa wachache mno. Njia kuu ilikuwa mwili kugusana na mwili kwa muda, hasa kulala kitanda kimoja. Tena Mellanby aliona kwamba mgonjwa wa kawaida alikuwa na wadudu jike wapatao kumi na moja tu. Wadudu wenyewe ni wachache. Kuwashwa kote kule ni jibu la mwili wa mgonjwa dhidi yao.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 maelfu ya watu wa kusini mwa Marekani waliugua pelagra, ugonjwa unaoichubua ngozi ya mikono, shingo na sehemu nyingine zinazopigwa na jua, nao ulirudi kila mwaka majira ya kuchipua. Wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger alitumwa kuuchunguza. Alipozuru nyumba za yatima na hospitali za wenye maradhi ya akili, aliona jambo ambalo lilikuwa wazi mbele ya macho ya wote: wakaaji waliugua, lakini wahudumu walioishi nao hawakuugua. Ugonjwa gani wa kuambukiza unaochagua hivyo? Katika nyumba mbili za yatima za Jackson, Mississippi, aliagiza watoto waongezewe maziwa, mayai, nyama na jamii ya kunde. Mwaka uliofuata karibu wote hawakurudiwa na ugonjwa. Kisha mwaka 1915 akafanya jaribio la kinyume katika shamba la magereza la jimbo hilo: wafungwa 11 waliojitolea kwa ahadi ya kuachiliwa walilishwa chakula ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa mahindi. Sita kati yao walitokwa na vipele vya pelagra. Jaribio kama hilo lisingeruhusiwa leo, lakini hoja yake ilikuwa kamili: kilichoongezwa kiliondoa ugonjwa, na kilipokosekana ukatokea. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alionyesha kwamba kilichokuwa kikipungua ni niasini, mojawapo ya vitamini.

Mtu asiende haraka kuipita habari hii. Katika nchi ambazo ugali wa mahindi ni chakula cha kila siku, mayai, maziwa na samaki ndivyo vitu vya kwanza kunyimwa mtoto mwenye vipele. Goldberger aliwaponya watoto wenye vipele kwa kuwapa maziwa na mayai.

Maswali manne na daftari moja

Mtafutaji wa chanzo hahitaji maabara ili kuanza. Anahitaji daftari, kalamu na majuma manne au sita ya uvumilivu. Kila siku huandika mambo manne.

La kwanza ni mahali. Vipele viko wapi hasa? Vikiwa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, mshukiwa wa kwanza ni mdudu wa upele. Vikiwa katika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, tena katika ukoo wenye pumu, huenda ni pumu ya ngozi. Vikiwa kama duara yenye ukingo unaotambaa, ni kuvu. Vikiwa juu ya mguu kwa umbo la ukanda wa kandambili, kemikali za mpira huulizwa kabla ya samaki. Na vikifuata michoro iliyopakwa mikononi siku ya Idi au ya harusi, jambo linalojulikana sana pwani, lawama isiangukie hina moja kwa moja. Mara nyingi mkosaji ni piko, ile rangi nyeusi yenye kemikali za kupakia nywele.

La pili ni wakati. Huanza saa ngapi, siku gani, majira gani? Huzidi usiku, au mchana wa joto? Hutulia wakati wa likizo, yaani mtoto anapobadilisha nyumba, kitanda, sabuni au sare?

La tatu ni watu. Nani mwingine anawashwa, na nani hawashwi? Swali hili ndilo lililomfungulia Goldberger mlango, nalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

La nne ni mabadiliko. Ni kitu gani kipya kimeingia: sabuni, mafuta, nguo, godoro, mnyama, dawa? Na siku ambazo mtoto hakuwa na vipele ziandikwe pia, maana pasipo hizo hapana cha kulinganisha.

Chukua mfano uliotungwa kwa ajili ya darasa. Mtoto wa darasa la tatu ametibiwa upele mara tatu kwa dawa ya kupaka, na kila mara amepona kisha vipele vimerudi. Mama anashuku maharage. Daftari laonyesha kwamba maharage yameliwa siku za vipele na siku zisizo na vipele bila tofauti. Lakini laonyesha pia kwamba vipele hurudi siku mbili tatu baada ya mtoto kwenda mwisho wa mwezi kwa bibi yake, anakolala na binamu wawili ambao nao hujikuna. Mwili uliokwisha kumjua mdudu haungoji tena majuma manne. Hujibu katika siku chache. Basi dawa haikushindwa. Alitibiwa mtoto mmoja, na ugonjwa ulikuwa wa nyumba mbili. Tiba yake ni watu wote wa nyumba zote mbili kupakwa dawa siku moja, wenye kuwashwa na wasiowashwa, kisha kurudia baada ya siku saba hadi kumi na nne kama mganga wa zahanati atakavyoelekeza. Nguo na mashuka ya siku hizo pia hufuliwa kwa maji ya moto, kwa tahadhari.

Ikiwa daftari laelekeza kidole kwenye kitu fulani, bado hiyo ni dhana tu. Jaribio lake ni kukiondoa kitu hicho kimoja, si vitano kwa pamoja, kwa majuma mawili au manne. Kuona kama vipele vyatulia. Kisha kukirudisha na kuona kama vyarudi. Kisiporudishwa, hakuna kilichothibitishwa. Mwaka 1976 daktari Charles May wa Marekani alieleza njia ya kuwapa watoto chakula kinachoshukiwa kikiwa kimefichwa, hata mtoto na mpimaji wasijue ni siku ipi kimetolewa. Tangu hapo imeonekana mara nyingi kwamba vyakula vingi vinavyoshukiwa havina hatia. Hata vipimo vya damu au vya kuchoma ngozi vya mzio havitoshi peke yake: huonyesha kwamba mwili unakitambua kitu, si lazima kwamba kitu hicho ndicho kinacholeta vipele.

Hata hivyo liko onyo lisilo na mjadala. Mtoto aliyewahi kuvimba midomo, kupumua kwa shida au kuzimia baada ya kula kitu asijaribiwe nyumbani kamwe. Vipele vyenye homa, vyenye usaha, au vinavyofuatwa na uso kuvimba na mkojo kuwa wa rangi nzito ni vya hospitali siku ile ile; vidonda vya upele vikiingiwa na bakteria huweza kudhuru figo.

Gharama ya kubahatisha

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, vipele haviui. Lakini kubahatisha kuna gharama, na mlipaji ni mtoto. Mtoto anayenyimwa mayai, samaki, maziwa na karanga kwa mwaka mzima kwa dhana tupu hudhoofika, na vipele vyake hubaki pale pale. Mtoto anayepakwa kwa miezi dawa kali zenye steroidi, zilizonunuliwa bila cheti, huonekana amepona kwa juma moja. Kama chanzo ni kuvu, dawa hizo huficha alama zake huku kuvu ikizidi kutambaa, hata mganga baadaye asiitambue. Zikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba. Dawa hizo zina kazi yake njema katika pumu ya ngozi, zikitolewa na mwenye ujuzi, kwa kiasi na kwa muda; kosa ni kuzitumia badala ya kuuliza.

Gharama nyingine ni aibu. Methali husema kwamba upele humwota asiye na kucha, na hakika huwaota zaidi wanyonge: wanaolala wengi chumba kimoja na wasio na fedha za kununulia nyumba nzima dawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Kuoga hakumwui mdudu aliyechimba ndani ya ngozi. Hivyo mwalimu anayemsimamisha mtoto mbele ya wenzake na kumwita mchafu anakosea mara mbili: anamdhulumu mtoto, na anafundisha sayansi ya uongo.

Iko hoja nyingine yenye uzito zaidi. Yasemwa kwamba madaktari wa ngozi ni wachache, na wazazi wengi hawana nafasi ya kuandika daftari. Ni kweli. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992 kimewafundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika, lakini hawawezi kufika kila kijiji. Uchache huo ndio sababu ya kutaka daftari, si sababu ya kuliacha. Mganga wa zahanati mwenye dakika tano kwa kila mgonjwa hufanya kazi bora akikabidhiwa kumbukumbu ya mwezi mmoja kuliko akiambiwa "vinakuja na kwenda".

Yafaa pia kukiri mpaka wa njia hii. Mara nyingine daftari halipati mkosaji mmoja. Pumu ya ngozi hutokana na urithi, udhaifu wa ngozi yenyewe na mazingira vikishirikiana. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini humweka mtu katika hatari kubwa ya ugonjwa huo. Lakini hitilafu hizo huonekana kwa nadra zaidi miongoni mwa Waafrika, na hiyo ni ishara kwamba ziko njia nyingine. Kwa mtoto kama huyo jibu la haki si kuendelea kuwinda chakula cha kulaumu, bali kuitunza ngozi kwa mafuta yasiyo na manukato, kuepuka sabuni kali na kufuata tiba. Kujua kwamba hapana mkosaji mmoja nako ni matokeo ya uchunguzi.

Wajibu wa shule

Mwalimu wa baiolojia anaweza kuanza muhula ujao. Wanafunzi wachore umbo la mwili katika daftari, waandike maswali manne, kisha wapewe visa vya kutungwa, bila jina la mtoto ye yote wa shule, na waseme ni ushahidi upi unaotosha na upi usiotosha. Wajifunze kusema "bado haijathibitishwa" pasipo kuona haya. Mkuu wa shule ya bweni naye akipata mgonjwa mmoja wa upele asimrudishe nyumbani peke yake na kudhani kazi imekwisha. Bweni zima litibiwe, na wazazi waarifiwe kwa staha.

Mtoto anayejikuna usiku hawezi kujitetea dhidi ya majibu ya watu wazima. Hula anachopewa, hunyimwa anachonyimwa, hupakwa kilichonunuliwa. Kaka au dada yake aliyeko sekondari, mwenye daftari na subira ya mwezi mmoja, aweza kuwa mtu wa kwanza katika nyumba hiyo kumwuliza swali lililo sahihi.